Koma za Wasifu wa Mwalimu Machogu

Nyamira,
3 Februari 2025.

Bi Abigael Mokeira,
Duka la Kupiga Chapa, Nyamache.

Bi Abigael,

Orpah, mama anayenifulia nguo na ambaye kwao ni huko Nyamache, ananiambia kwamba nusu ya maiti za upande wenu huzikwa kwa Kiingereza chako. Ameniletea vitabu vitatu vya wasifu ulivyochapa. Nimevisoma vyote. Marehemu hao walikufa mara mbili.

Mimi ni Alfayo Machogu. Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na miaka kumi na tisa kati ya hiyo nilisahihisha mtihani wa taifa. Utanikumbuka, maana ulikaa darasani mwangu kidato cha pili. Sasa nina saratani ya koo. Madaktari wameondoa kikoromeo, siwezi kutamka hata neno moja, kwa hiyo simu hainifai. Nina siku ngapi hawasemi, ila wameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki.

Nataka wasifu wa mazishi yangu uchapwe ningali hai. Najua watu wetu wanasema kufanya hivyo ni kujiitia kifo, ndiyo maana kazi hii nimeileta Nyamache, ambako hakuna mshiriki wa kanisa langu anayekwenda kutoa kopi. Nimehudhuria mazishi mengi. Wasifu huandikwa na mpwa fulani kwa pupa, watu mia tatu wanaushika mkononi, na ndani yake koma zimemwagwa kama mtama wa kuku. Mimi sitafukiwa na takataka hiyo.

Si heshima mtu kujisifu mwenyewe, kwa hiyo vidokezo ni vyangu, sentensi ziwe zako. Makosa nitayaondoa mimi.

Barua zako niandikie kwa Kiswahili. Kiingereza chako kinaniumiza macho, na Ekegusii ni ya watu wa nyumbani kwangu.

Alfayo Machogu.


Nyamache,
10 Februari 2025.

Mwalimu,

Pole sana kwa ugonjwa. Orpah ananiambia unakunywa uji kwa mrija wa mpira. Sikufurahia kulisikia hilo, ingawa nilidhani ningefurahi.

Ndiyo, nakukumbuka. Kidato cha pili ulitupa insha yenye kichwa "My Father". Mwaka huo huo mama yangu, Persis, aliyekuwa akiosha sufuria za jikoni mwa shule yenu, alikuwa ameniambia baba yangu ni nani. Niliandika kurasa tatu. Sikukutaja jina, lakini niliandika jinsi mwalimu fulani alivyokuwa akishika chaki kwa mkono wa kushoto, na jinsi ninavyoishika mimi. Ulinirudishia daftari likiwa na viduara kumi na moja vya wino mwekundu, kila kimoja kwenye koma. Hukuandika kitu kingine chochote. Nilitafuta mpaka nyuma ya jalada.

Wasifu ni huu, nimeuunganisha vizuri kadiri ya uwezo wangu. Utaona mwishoni nimeandika watoto wanne: Gibson, Lorna, Cynthia na Abigael. Vidokezo vyako vilikuwa na watatu.

Sitaki shamba lako, Mwalimu. Majani ya chai chuma mwenyewe na wanao. Lakini unajua desturi yetu mazishini: mchungaji akisoma majina ya watoto, kila mmoja anaitwa, anasimama, watu wanamwona na kujua huyu ni wa fulani. Nimechapa wasifu wa watu wengi sana na nimesimama nyuma ya hema nikitazama watoto wa wengine wakisimama. Nina miaka thelathini na minane. Kwa mume wangu huku Nyamache bado wananiuliza kwetu ni wapi. Nataka kuitwa, nisimame mara moja, nikae.

Abigael Mokeira.


Nyamira,
14 Februari 2025.

Bi Abigael,

Makosa ya koma ishirini na matatu katika kurasa nne. Nilipokuwa nasahihisha mtihani wa taifa, karatasi kama hii nilikuwa naiweka kando niwasomee wenzangu wakati wa chai.

Tuanze na mke wangu. Umeandika "His wife Damaris is a retired nurse", bila koma. Andika "His wife, Damaris, is a retired nurse". Koma hizo mbili zinamwambia msomaji kwamba mke ni mmoja na jina lake ni Damaris. Ukiziondoa, msomaji mkali atajiuliza ni Damaris yupi kati ya wangapi. Nimeoa mara moja. Ziweke.

Pili, "After teaching for thirty-four years he retired". Sentensi ikianza na maelezo ya wakati marefu namna hiyo, koma hukaa mwisho wa maelezo hayo, baada ya "years", ndipo mtu mwenyewe aingie. Tatu, umeandika "The teacher from Nyamira, was respected by all". Umemkata mtu na kitendo chake. Hata mtoto wa darasa la sita hafanyi hivyo. Mengine ishirini nimeyazungushia wino, yatafute mwenyewe.

Jina la nne kwenye orodha ya watoto nimelikata kwa rula. Hilo halikuwa kosa la koma.

Ila mimi ni mwalimu, na mwalimu humpa mwanafunzi mzembe nafasi. Niletee nakala isiyo na kosa hata moja la koma, nami nitafikiria suala la jina hilo. Kwa jinsi ninavyokujua, nitakuwa nimekufa kabla hujafika.

A. Machogu.


Nyamache,
24 Februari 2025.

Mwalimu,

Nimekubali. Nakala ya pili ndiyo hii.

Nimekwenda kwa Mwalimu Anyona, jirani yangu anayefundisha shule ya msingi, akaniazima kitabu cha sarufi ambacho panya wamekula jalada. Kila saa sita mchana nafunga duka nasoma koma. Wateja wanagonga mlango wakitaka barua za mkopo na fomu za shule, nawaambia wangoje. Mume wangu, Jasper, anauliza kama nimejiandikisha tena kidato cha pili. Nikamwambia ndiyo, na mwalimu ni yule yule.

Nimejifunza pia kwamba maelezo unayoweza kuyaondoa bila sentensi kuanguka huwekwa kati ya koma mbili. Nikakumbuka mama. Miaka kumi na miwili aliinama kwenye sufuria zenu, na siku alipoacha kazi hakuna aliyemuuliza sababu. Alipokufa wewe ulikuwa mstaafu mwenye gari. Hukuja. Wasifu wake niliuandika mimi na ulikuwa na makosa mengi, sasa nayaona yote, na yananichoma.

Nisahihishie basi. Lakini usinitanie kuhusu mama.

Abigael.


Nyamira,
27 Februari 2025.

Bi Abigael,

Tisa.

Mama yako nilimkumbuka nilipofika ukurasa wa tatu, ambapo umeweka koma mahali pa nukta mara mbili mfululizo. Yeye naye hakujua wapi pa kukoma. Alinifuata jikoni, stoo, mpaka mlango wa ofisi ya walimu, akitaka maneno ambayo hayakuwepo.

Umeniomba nisitanie. Sitanii.

A. M.


Nyamache,
13 Machi 2025.

Mwalimu,

Barua yako ya mwisho niliitia motoni, nikaketi nikalia, kisha nikafungua kitabu.

Nakala ya tano hii hapa. Ya tatu na ya nne sikukutumia, nilizikosoa mwenyewe. Mwalimu Anyona ameipitia mara tatu hakupata kitu. Kila koma ninaweza kukueleza kwa nini ipo, na kila mahali isipokuwepo naweza kukueleza kwa nini haipo. Jina langu nimelirudisha mahali pake.

Nilimwambia Jasper kwamba huenda mwaka huu tukaenda Nyamira nikasimama na ndugu zangu. Akaenda akawaambia mama yake na shangazi zake. Sasa wananiuliza nitavaa nini. Shangazi mmoja ambaye hajawahi kuniita kwa jina ameleta kitambaa cha bluu akasema kinanifaa. Nakuandikia haya si kukulazimisha. Nataka tu ujue nimefurahi, na ni wewe uliyenifurahisha, hata kama hukukusudia.

Nangoja.

Abigael.


Nyamira,
17 Machi 2025.

Bi Abigael,

Nimesoma mara nne, mara mbili nikianzia mwisho, jinsi tulivyokuwa tukifanya kwenye usahihishaji ili jicho lisidanganywe na hadithi. Hakuna kosa la koma hata moja. Katika maisha yangu yote ya kazi nimetoa alama kamili mara tatu tu, na hii ni ya nne. Hongera.

Nilisema nitafikiria suala la jina. Nimelifikiria tangu asubuhi hadi saa nane. Jibu ni hapana.

Uondoe jina hilo, uchape nakala mia tatu, karatasi nzito, picha yangu ya mahafali mbele. Andika 1951 – 2025, nafasi ya siku na mwezi uiache wazi, Gibson ataijaza kwa kalamu. Zitie kwenye katoni, Orpah azichukue kimya kimya.

Kazi yako ni safi. Ungekuwa na akili hii kidato cha pili ungefika mbali.

A. Machogu.


Nyamira,
31 Machi 2025.

Abigael Mokeira,

Katoni hukumpa Orpah. Uliituma kanisani.

Mzee Makori, karani wa kanisa, aliifungua Sabato asubuhi. Akakuta nakala mia tatu za wasifu wangu, na kwa kuwa sijaonekana kanisani tangu Novemba, hakuuliza mtu. Alizigawa kama za marehemu yeyote. Mchungaji akaomboleza kwenye mimbari. Damaris alikuwa amechelewa akinisafisha mpira. Alipofika mlangoni wanawake walimwangukia wakilia, mmoja akamtia kitabu mkononi.

Baada ya ibada walikuja nyumbani. Nilikuwa nimeketi uani juani, na blanketi magotini. Walikuja wakipiga mayowe tangu barabarani, wakafika langoni, wakaniona. Mayowe yakakatika. Kisha mama mmoja akaanza tena kulia, kwa kuwa alidhani anaona mzimu. Sina sauti, Abigael. Nilipunga mkono. Wakakimbia. Wazee watatu walirudi wakaketi mbali nami, wakasema kwa utaratibu wa kwetu mtu aliyeliliwa hivyo si wa kusalimiwa kwa mkono mpaka mambo yatengenezwe. Hata sasa hakuna anayeninywesha uji isipokuwa Damaris, na ananinywesha bila kunitazama.

Jina lako lilikuwa la nne.

Nimeagiza nakala zote zikusanywe. Zimerudi mia mbili na kumi na tisa. Nina rula na nina kalamu nyekundu.

Machogu.


Nyamache,
4 Aprili 2025.

Mwalimu,

Ulitaka wasifu wako usomwe bila kosa. Umesomwa, na wewe ulikuwepo. Ni marehemu wangapi wamebahatika hivyo?

Nilifanya kwa makusudi. Nilipopata barua yako ya alama kamili nilikaa dukani nimeishika, nikagundua ulijua jibu tangu Februari. Ulinisomesha wiki nne kwa ajili ya kunisikia nikiomba. Kile kitambaa cha bluu nimemrudishia shangazi. Alikipokea bila kuuliza, na tangu siku hiyo haniiti tena kwa jina.

Sijuti kwa ajili yako. Kwa ajili ya mkeo ninajuta kidogo. Mwambie hivyo, uandike kwenye karatasi umwonyeshe.

Endelea kukata. Zilizobaki themanini na moja ziko kwenye nyumba za watu.

Abigael.


Nyamira,
17 Aprili 2025.

Mwanangu Abigael,

Mimi ni Damaris, mama yake Gibson. Barua zako zote nimezikuta chini ya godoro la mzee, nimezisoma. Nakuandikia kwa lugha ile ile mliyozoea.

Mzee ametutoka juzi Jumanne, mchana. Wiki mbili nzima hakufanya kitu ila kukata jina lako. Rula inateleza, anaanza tena. Alikuwa amebakiza nakala kumi na moja. Nilikuwa nimekwenda kuchemsha maji, niliporudi alikuwa amelalia meza.

Sina kinyongo nawe. Mimi ni mzee, na nilikuwa nesi miaka mingi. Nimeona watoto wengi wakizaliwa kwa njia nyingi, na hakuna aliyejichagulia. Ungeniandikia mimi tangu mwanzo tungezungumza kama wanawake.

Sasa nakuomba kitu kimoja kama mama. Mazishi ni Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na nne. Usije. Gibson na binamu zake wana hasira, wanasema aliyemlilia baba akiwa hai ndiye aliyemuua, na wameapa kwamba ukikanyaga hapa hutaondoka kwa miguu yako. Siwezi kuwazuia vijana hao. Tulia huko Nyamache, watu wapoe, kisha nitakuita mimi mwenyewe, nikupeleke kaburini, nikutambulishe kwa ndugu zako taratibu. Nijibu kwa maandishi ili niwe na amani kwamba umekubali.

Mama Gibson.


Nyamache,
21 Aprili 2025.

Mama,

Barua yako nimeipata, na mazishini sitakuja.

Nimeandika neno "Mama" nikalitazama kwa muda mrefu, maana tangu Persis afe sijamwandikia mtu hivyo. Nilitegemea matusi kutoka kwako, nawe umenipa pole. Nilichofanya kanisani nilimfanyia yeye, lakini wewe ndiwe uliyepokea kile kitabu mlangoni, na jambo hilo linaninyima usingizi. Nisamehe.

Habari ya kufa kwake ilinijia nikiwa na mteja. Nilimaliza kazi ya mteja, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti. Nilidhani sitamlilia. Ningependa kumwona kabla hajafukiwa, hata kwa mbali, lakini ukisema nisije, siji. Nakuamini.

Naomba tu, zamu ya watoto kutupa udongo ikifika, umtupie konzi moja ya kwangu. Usiseme ni ya nani.

Ahsante kwa kunionea huruma.

Mwanao,
Abigael.


Nyamira,
27 Aprili 2025.

Abigael,

Tulimzika Alhamisi kama ilivyopangwa. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu wengi walitaka kuhakikisha safari hii ni kweli. Watu wa Nyamache walijaza benchi mbili. Niliona shangazi za mumeo.

Vijana hawakuapa kitu. Gibson ni mtu wa ofisini Kisii, hajawahi kumpiga hata mbwa. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyesema uitwe, uje, usimame na wenzako, yaishe. Nikamwambia aniachie mimi nikuandikie.

Wasifu uliosomwa ni ule wako, moja ya zile kumi na moja ambazo mzee hakuzifikia. Niliichagua mwenyewe nikampa mchungaji. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, watu walisema hivyo. Akafika kwa watoto. Akamwita Gibson, akasimama. Akamwita Lorna, akasimama. Akamwita Cynthia, akasimama. Akamwita Abigael. Watu wote wakageuka, hema zima, hata waliokuwa juu ya ukuta. Akaita tena. Wenzako watatu walibaki wamesimama wakikungoja, na Cynthia alisogea kidogo kukuachia nafasi.

Mchungaji akanitazama, akauliza kama mtoto huyo aliarifiwa. Mzee alikuwa mume wangu miaka arobaini na sita, Abigael, na nilimjua mtoto wake wa nne mlangoni mwa kanisa, nikiwa na mpira wake wa uji kwenye mkoba, kabla hata sijajua kama nimeachwa mjane njiani. Nikasimama nikasema nilimwandikia kwa mkono wangu, nikamwita mwanangu, na jibu lake ninalo. Nikampa barua yako aisome kwa sauti. Nilikuwa nimeikunja ukabaki mstari wa kwanza peke yake.

Akausoma: "Barua yako nimeipata, na mazishini sitakuja." Wazee wakaguna. Shangazi mmoja wa mumeo, mwenye nguo ya bluu, alitema mate chini.

Kisha tukamtupia udongo, mimi na watoto wangu watatu, na vijana wakashika koleo.

Damaris Machogu.